Pitisha na Njia ya Mafagio

Jina la Pitisha alilipata kwa sababu ya pasi. Mama yake alimpa pasi ya jirani airudishe, nyumba ya nne kutoka kwao, kazi ya kumaliza kabla mate hayajakauka. Akafika kwenye kona, akamkuta mtoto mwingine anaelekea upande uleule, akamkabidhi. Yule naye akafika kwenye kibanda cha fundi viatu, akamwachia binti wa fundi. Binti akampa mwenzake aliyekuwa akienda dukani. Pasi ilifika, tena ilifika salama, ila jirani alimpelekea shukrani mtoto ambaye mama yake Pitisha hakuwa akimjua hata kwa sura. Kipigo cha siku ile ndicho kitu pekee ambacho Pitisha hakufanikiwa kumpitishia mtu mwingine.

Jina likamganda na yeye akaligandamia. Shuleni alipitisha zamu za kufagia. Uwanjani alipitisha mpira hata golikipa akiwa amelala. Alipofika umri wa kuoa alimtuma binamu yake akaseme neno, binamu akamtuma shangazi, shangazi akamtuma mpwa wa mumewe, na ilibaki kidogo tu binti aolewe na huyo mpwa, maana alikuwa na meno mazuri zaidi.

Chuoni ndiko alikogundua kwamba tabia yake ina kitabu.

Mwalimu alikuwa anafundisha mitandao ya kompyuta, na siku hiyo alifika kwenye kile wanachokiita tabaka la mtandao. Akaeleza kwamba data yote, iwe picha ya mtoto, barua ya mapenzi au matokeo ya mpira, hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti hubandikwa anwani ya inakotoka na anwani ya inakokwenda, kisha hukabidhiwa kifaa kinachoitwa ruta. Ruta haijui kilichomo ndani ya pakiti wala haiulizi. Haijui njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Inachojua ni jambo moja: kwa anwani hii, anayefuata ni nani. Inasoma anwani, inatazama jedwali lake la njia, inampa anayefuata, inasahau. Anayefuata naye hivyo hivyo, mpaka mzigo ufike.

Pitisha alikaa wima kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Kumbe ule haukuwa uvivu, ulikuwa fani. Kumbe dunia nzima, benki zake na hospitali zake, ilikuwa inategemea vijisanduku vyenye tabia kama yake. Wiki iliyofuata mwalimu akapanda tabaka la juu, lile la kuhakikisha kwamba mzigo umefika mzima na kilichopotea kinatumwa tena. Hapo Pitisha akalala usingizi mzito.

Kazi akapata Mamlaka ya Maji, akawa fundi mtandao wa majengo mawili. Jengo la Maombi lilikuwa chini, lenye madirisha ya kuhudumia wananchi na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu wanaosubiri. Jengo la Mabomba lilikuwa juu kidogo, upande wa pili wa ua. Katikati ya ua palikuwa na magari mabovu yaliyoota nyasi hadi kwenye usukani, na stoo ndogo ya mafagio, ndoo na matambara ya kupigia deki. Ndani ya stoo hiyo, juu ya rafu moja na sabuni, ilikaa ruta iliyokuwa na mambo yote: ndiyo iliyoshika kebo inayokwenda Makao Makuu. Aliyejenga mtandao aliiweka pale kwa sababu pale ndipo kebo ilipotokezea, na hakuwa na habari kwamba ofisini kebo nazo zina hadhi.

Kila jengo lilikuwa na ruta yake, na kila jengo lilikuwa na mkuu wake. Mkuu wa Maombi alikuwa mzee mtanashati aliyepulizia manukato hata mafaili. Mkuu wa Mabomba alikuwa mama mmoja aliyevaa kofia ngumu ya ujenzi kutwa nzima ofisini, ingawa bomba alilowahi kulikaribia zaidi ni lile la sinki la chai. Wawili hao walipendana kama wake wenza.

Pitisha alipobandika mchoro wa mtandao ukutani, Mkuu wa Maombi alivaa miwani akauchungulia.

"Huu mshale wangu unakwenda wapi?"

"Stoo, mzee. Ndiko iliko ruta ya kwenda Makao Makuu."

"Stoo ipi?"

"Ile ya mafagio."

Mzee akavua miwani. "Kijana wangu, nimetumikia ofisi hii tangu wewe unanyonya. Data yangu itoke mezani kwangu ikasalimiane na ndoo za deki?"

Mkuu wa Mabomba naye, alipoletewa mchoro wake, aligonga kofia yake kwa kalamu, akasema vivyo hivyo kwa maneno machache na makali zaidi.

Mtu mwingine angewaeleza kwamba pakiti haina pua. Pitisha akachagua kuwavisha wote wawili kilemba cha ukoka. Alimwambia Mkuu wa Maombi, "Mzee, nimepanga upya. Kila kitu cha Mabomba kisichojulikana kinakokwenda, kitapita kwanza kwako." Kisha akavuka ua. "Mama, nimepanga upya. Kila kitu cha Maombi kisichojulikana kinakokwenda, kitapita kwanza kwako." Wote wakaridhika. Yule mzee hata alimpa biskuti.

Na kweli alifanya hivyo. Kwenye jedwali la kila ruta aliandika anwani tatu tu ambazo zingepita stoo kimyakimya bila mkubwa kujua: barua pepe, mishahara, na ule mlango wa kutokea nje ambako wakubwa walisomea magazeti na kutazama mpira. Chini ya hapo akaweka ile njia ya mwisho, inayotumika anwani ikikosekana kwenye jedwali. Ruta ya Maombi aliiambia: usichokijua, mpe Mabomba. Ruta ya Mabomba akaiambia: usichokijua, mpe Maombi.

Mambo yakaenda murua, kwa kuwa hakuna mtu ofisini aliyehitaji kitu zaidi ya barua, mshahara na mpira.

Baadaye Makao Makuu wakanunua seva mpya ya kupokea maombi ya wananchi waliokatikiwa maji. Seva ikapewa anwani mpya. Pitisha akaletewa ile anwani aiingize kwenye majedwali. Akaisoma, akaipitisha kwa karani wa Maombi, karani akaipitisha kwa karani wa Mabomba, na yule akaiweka chini ya kikombe chake cha chai isije ikapeperuka.

Tangu siku hiyo kila ombi la kurudishiwa maji lilitoka dirishani likafika kwenye ruta ya Maombi. Ruta ikatazama jedwali: simjui huyu, nenda Mabomba. Mabomba ikatazama: simjui huyu, nenda Maombi. Danadana. Waliobuni mitandao waliwafahamu watu wa aina ya Pitisha kabla hawajamwona, wakaipa kila pakiti umri. Kila inapopita kwenye ruta, umri unapungua. Ukiisha, ruta inaitupa na kumrudishia mtumaji taarifa ya kifo. Pitisha hizo taarifa za vifo alishazizima zamani. Zilikuwa zinamjazia skrini.

Aliyeandika programu ya madirishani naye alikuwa mtu wa huruma. Hakutaka mwananchi aone neno baya. Jibu lisiporudi, skrini iliandika kwa rangi ya kijani: Ombi lako linashughulikiwa. Makao Makuu, walipoona hakuna hata mwananchi mmoja anayehudumiwa na majengo yale mawili anayelalamika kukosa maji, wakawaletea wakuu kikombe cha fedha cha utumishi uliotukuka. Kikombe kikakaa wiki moja Maombi, wiki moja Mabomba, huku na huku, na hicho angalau kilionekana kikivuka ua.

Haya yote yangeendelea mpaka Pitisha astaafu kwa heshima, kama Mamlaka isingebadilisha bomba kwenye mtaa wa mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa askari magereza mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Afande. Bomba jipya lilipochimbiwa, nyumba yake ilirukwa. Bomba la zamani likakatwa, jipya likapita mbele ya mlango wake likaunguruma kwenda kwa majirani. Akajaza ombi, akapewa rangi ya kijani, akasubiri. Ndoo zilipomchosha alifunga nyumba, akaja kwa binti yake na godoro, sanduku la bati na filimbi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Afande siku ya tatu alilishika jembe mwenyewe akawagawia wenyeji. Alfajiri filimbi ililia, na mapacha wa Pitisha wakatoka wakasimama mstari, kidevu juu, wakahesabiwa, ingawa walikuwa wawili tu na hawakuwa na pa kutorokea. Mke wa Pitisha, aliyekuwa msusi na chumba cha mbele ndicho saluni yake, alilalamika kwamba wateja wanakaguliwa mikoba. Pitisha mwenyewe alikuwa na kiti chake kimoja chenye mgongo wa kulaza mbele ya televisheni, kiti alichokipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Afande alikikalia mara moja kukijaribu, akatikisa kichwa, akasema ni kiti cha mtu asiye na kesi ya kujibu.

"Mama," Pitisha akamwambia kwa unyenyekevu wa mkwe, macho sakafuni, "ombi lako liko kwenye mfumo. Linashughulikiwa."

"Liko wapi?"

"Linashughulikiwa, Mama."

"Nimekuuliza liko wapi. Sijakuuliza linafanya nini."

Hapo Pitisha akaona nafasi ya kumwelimisha. Akachukua kikombe, kisahani na kopo la sukari, akavipanga mezani. Akaeleza pakiti na umri wake, anwani, ruta. Akasogeza punje ya sukari kutoka kikombeni hadi kwenye kisahani. "Uzuri wake, Mama, hakuna anayehitaji kujua safari nzima. Kila mmoja anamjua anayefuata tu. Anapokea, anapitisha, anasahau."

Afande aliikagua ile punje. "Kwa hiyo ni mahabusu."

"Hapana, Mama, ni—"

"Ana namba. Anahamishwa geti hadi geti. Askari wa geti hajui kesi yake, anajua geti linalofuata."

"Tuseme hivyo."

"Sawa. Na anayesaini kwamba amempokea ni nani?"

"Kwenye tabaka hili hakuna anayesaini, Mama. Hiyo ni kazi ya tabaka la juu."

"Basi mmetorokwa," Afande akasema, akaitia ile punje ya sukari mdomoni.

Mapacha walicheka mpaka wakahesabiwa upya.

Asubuhi yake Afande akaenda madirishani mwenyewe. Karani wa Maombi akamwambia ombi lake lilishakwenda Mabomba. Akavuka ua. Karani wa Mabomba, kikombe cha chai juu ya anwani ya seva, akamwambia lilisharudi Maombi. Akavuka tena. Alirudi nyumbani jioni viatu vikiwa na vumbi, akakuta Pitisha amejinyoosha kitini.

"Mkwe wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomfanya binti yake aache kusuka. "Akufukuzaye hakuambii toka, najua. Mnanipenda lakini mmechoka. Mimi pia nimechoka, nalala nasikia televisheni. Ila bila maji siendi popote. Ikiwa ombi halijulikani liliko, basi na mimi nahamia kabisa. Jumamosi kabati langu linakuja."

"Kabati lipi, Mama?" Pitisha akauliza, ingawa alilijua. Lilikuwa kabati la mbao nzito lenye kioo katikati, lililotengenezwa na wafungwa watatu waliokuwa na muda wa kutosha. Sebule nzima ilikuwa na ukuta mmoja tu ambao lingeenea, na kwenye ukuta huo palikuwa na televisheni, na mbele yake kiti.

"Kiti tutakiweka uani," Afande akamjibu. "Kikivalishwa turubai hakitalowa."

Pitisha hakuwa mtu wa kushtushwa na kilio cha wananchi. Lakini kiti chini ya turubai ni jambo jingine. Kesho yake alifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti.

Kuna amri moja ndogo ambayo kila fundi mtandao anaijua kama daktari anavyojua kupima joto. Unaituma pakiti kwa anwani unayotaka, na kila ruta inakopita inajitaja. Pitisha hakuwa ameitumia tangu chuo, na ilibidi kwanza azifungulie zile taarifa za vifo, kwa kuwa amri yenyewe inasoma maiti. Akaandika anwani ya seva mpya, baada ya kuiomba ile karatasi chini ya kikombe, ambayo sasa ilikuwa na duara la chai katikati. Akabonyeza.

Skrini ikaandika: Maombi. Chini yake: Mabomba. Chini yake: Maombi. Mabomba. Maombi. Mabomba. Ikashuka hivyo hadi mwisho wa skrini ikaendelea. Nyuma yake taarifa za misiba zikaanza kumiminika, kila moja ni mtu mwenye ndoo.

Pitisha aliutambua mwandiko. Akatazama mlango kama umefungwa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye kila ruta: usichokijua, peleka stoo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi. Lakini ofisi ilikuwa na utaratibu kwamba njia ya data haibadilishwi bila saini ya wakuu wote wawili, na utaratibu huo aliutunga Pitisha mwenyewe, ili siku kukiharibika kitu lawama iwe na pa kwenda. Na kubadilisha bila saini ni kulitaja fagio mbele ya wakubwa bila mtu wa kusimama nyuma yako. Akachapa kibali cha ukurasa mmoja, akaenda Maombi.

"Kijana wangu, mimi sina tatizo kabisa," Mkuu wa Maombi akasema, akapulizia kibali manukato. "Lakini siwezi kutangulia mafagioni. Aanze mwenzangu, mimi nitafuata."

Akavuka ua. Mkuu wa Mabomba alikisoma kibali, kofia ikamteremkia machoni. "Amesaini?"

"Anasema uanze wewe, mama."

"Anataka nimtangulie stoo ili akapige picha. Mwambie aanze yeye."

Akarudi Maombi. Akarudi Mabomba. Jua likapanda. Safari moja aliacha koti, nyingine akakatikiwa na kisigino cha kiatu kwenye chuma cha gari bovu, nyingine akapoteza lile tabasamu lake la kuazima. Kila alipovuka kizingiti alikuwa amepungua.

"Bosi," mlinzi wa ua akamwita kutoka kwenye kivuli cha kibanda chake, "daktari ndiye aliyekuandikia haya mazoezi?"

"Natafuta saini."

"Ah. Basi pumzika kwanza. Kuna mzee mmoja wa mtaa wa huku chini alitafuta saini humu mpaka akaanza kulima mchicha pale nyuma ya trekta."

Pitisha alitazama. Mchicha ulikuwepo kweli, na ulikuwa umestawi. Akaketi kwenye tairi lisilo na gari. Mtu mwingine, aliyesomea jinsi pakiti inavyokufa, angejiona kwenye kioo. Pitisha aliona tu kwamba ana bahati mbaya.

Hapo ndipo kivuli chenye mabega mapana kilipomfunika.

"Mkwe. Umekamatwa?"

Afande alikuwa amekuja kuulizia ombi lake, kama alivyofanya kila siku. Pitisha akamweleza, na kwa kuwa hakuwa na kikombe wala kisahani akaeleza bila mapambo: tatizo limeonekana, dawa ipo, saini hakuna, huyu anasema aanze yule. Nani aliyeutunga huo utaratibu, na nani aliyezielekeza ruta zile, hilo alilipitia pembeni.

"Aliyekukataa mwisho ni yupi?"

"Mama wa Mabomba. Kwa nini?"

"Kwetu mahabusu akikataliwa na mageti mawili, huyu anasema ni wako na yule anasema ni wako, tulikuwa na sheria moja. Analala kwa aliyemkataa mwisho. Chakula chake, blanketi lake, na akitoroka, kesi yake." Akageuka. "Mlinzi."

Mlinzi alikuwa amesimama wima, visigino vimegusana, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, kwa sababu ambazo hakutaka kuzieleza wakati ule wala baadaye. "Afande."

"Nenda kwa mkwe wangu, nyumba yenye saluni hapo mtaa wa pili. Mwambie binti yangu akupe godoro langu."

Mlinzi akaenda mbio kama aliyefunguliwa. Walipoingia Mabomba alikuwa keshalifikisha, kichwani. Afande akalitandika chini ya dirisha la Mkuu wa Mabomba, akaweka filimbi juu ya faili la mwaka, akavua viatu.

"Huyu ni nani?" Mkuu wa Mabomba akauliza.

"Ni ombi la kurudishiwa maji," Afande akamjibu, akikunja soksi. "Nimezunguka sana, nimeshapungukiwa na umri. Nimeambiwa wewe ndiye uliyenikataa mwisho. Mnaamka saa ngapi hapa?"

"Mlinzi, mtoe huyu mama."

Mlinzi alitazama dari.

"Mkwe wangu," Afande akaendelea, akilala chali na kukunja mikono kifuani, "ungeniletea na sanduku. Na lile kabati Jumamosi walielekeze huku. Naona ukuta upo."

Mkuu wa Mabomba alitazama ukuta. Pale ndipo palipokuwa na kikombe cha fedha, maana ilikuwa wiki yake. Akavua kofia, na Pitisha akaona kwa mara ya kwanza kwamba mama yule alikuwa na nywele nzuri. "Nikisaini, aliyekataa mwisho anakuwa nani?"

"Mwenzako wa kule chini."

Alisaini bila kuketi, akamfungulia Afande mlango, akashika hata ncha moja ya godoro.

Mkuu wa Maombi alikuwa dirishani tangu mwanzo. Aliliona godoro likitoka Mabomba, likivuka ua, likipita mchicha, likishika njia ya kwake. Mzee ambaye kwa miaka yote hajawahi kutoka ofisini bila kujitazama kwenye kioo, alitoka na kalamu ikiwa wazi, akaja kulipokea godoro ngazini, akasaini kibali kwenye mgongo wa mlinzi.

"Kwa sharti moja," akasema akihema. "Lile neno stoo lisionekane popote."

Hivyo siku hiyohiyo stoo ikapata kibao cha shaba: Kituo cha Kati cha Mawasiliano. Mafagio yalibaki mlemle, ila mfanyausafi sasa anahitaji kibali kuchukua ndoo.

Pitisha akaandika mistari yake miwili. Maombi yote yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta za madirishani yakatumwa upya, yakapita kati ya sabuni na matambara bila aibu yoyote, yakamwagika Makao Makuu kwa kishindo. Wakubwa wa kule walidhani wananchi wameasi. Walituma mtu kuuliza kulikoni, na wakuu wawili wakamweleza kwa sauti moja kwamba ni matunda ya Kituo cha Kati. Wakapewa kikombe cha pili, ili kila mmoja awe na chake. Mzee wa mchicha alipata maji nyumbani, lakini bustani hakuiacha. Alisema hajaona bado sababu ya kuwaamini.

Afande naye alirudishiwa maji. Mafundi walichimba, wakaunga, wakafungua, na binti yake akarudi na habari kwamba bomba linatoa. Mapacha walihesabiwa mara ya mwisho, wakapiga saluti, godoro likatoka, sanduku likatoka, filimbi ikatoka. Pitisha alishika mlango akihuzunika kwa uso tu. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akaulaza mgongo wa kiti, akawasha mpira.

Hata kipindi cha kwanza hakijaisha, simu ikalia.

"Mkwe wangu. Hapa kwenye mita panavuja. Pamelegea kidogo tu, panataka kukazwa."

"Pole, Mama. Ngoja nimwambie karani wa Maombi, naye atamwambia mtu wa Mabomba, halafu huyo ata—"

"Atampa nani?"

Kwenye televisheni mtu alikuwa anapokea mpira vizuri na kuupitisha vizuri zaidi.

"Haina neno," Afande akasema, na ile sauti ya upole ikarudi. "Panga utaratibu wako, mwanangu, usijisumbue. Mimi nitakuja kusubiria hapo kwako. Kabati bado liko kwenye mkokoteni, hata kamba hawajafungua."

Mke wake alipotoka saluni na kitana mkononi alikuta kiti kitupu, mpira unaendelea, na sanduku la vifaa liko wazi. Alitoka barazani kuona kama mumewe ameugua.

Pitisha alikuwa ameshafika kwenye kona, anatembea haraka, spana mkononi. Fundi viatu wa pale, akifunga kibanda chake, alimwona na kuinua kichwa.

"Unakwenda kwa Afande? Mimi napita hukohuko. Lete nikupelekee."

Mkono wa Pitisha ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, spana ikabaki hewani kati ya watu wawili. Kisha akairudisha kifuani, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba pasi ya moto, akapita.